Springi Nilizozikata, na Mkono wa Bibi

Alhamisi ile ingali machoni pangu, mwanangu, na kinachonijia kwanza ni mkono. Mkono wa Bibi ulikuwa umeshika kile kishikio kilicho juu ya mlango wa gari, mishipa imemsimama, na gari liliposhuka kwenye tuta likagonga chini kama ndoo iliyoangushwa kisimani. Bibi hakupiga ukelele. Alisema "Ya Latifu" tu, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, na moyo ukanishuka, kwa sababu nilijua ni nani aliyeyatenda yale. Hakuwa kaka yangu aliyeshika usukani. Ni mimi.

Najua utacheka. Nimo kidato cha nne, nina miaka kumi na saba, sina mwana wala mchumba, na hapa naandika "mwanangu" kama ajuza. Lakini Bibi husema nasaha huandikwa ingali moto, maana mtu akishazeeka hukumbuka alivyoshinda akasahau alivyokosa. Tena mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Shajara hii ndiyo baraza yangu. Utakapoisoma nitakuwa mzee vya kutosha, inshallah.

Basi sikiliza. Kaka yangu Swaleh alikuwa na gari dogo la milango mitatu, rangi ya samawati iliyopauka kwa jua na chumvi. Yeye hupima samaki kule Liwatoni, na gari likinuka kidogo tulishazoea. Gari hilo lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ndoto ya Swaleh: kuna kiwanja cha lami ng'ambo, upande wa bara, ambako magari madogo hushindana na saa, moja moja, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Swaleh alitaka kuingia. Ya pili ilikuwa Bibi. Bibi aliteleza kwenye ngazi zetu, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale wazijua, akavunjika nyonga. Tangu hapo kila Alhamisi tulimpeleka hospitali kufanyishwa mazoezi, kisha tukapita naye Biashara Street akashikashika leso mpya, hata kama hanunui, akasoma maneno yake na kuyacheka. Tuktuk ilimtikisa, hakuiweza. Kwa hivyo Alhamisi ndiyo iliyokuwa juma lake zima, na gari lile ndilo lililokuwa mguu wake.

Swaleh alilalamika kwamba gari lalala sana kwenye kona, kama mtu aliyekunywa. Akataka likae chini na liwe gumu. Sasa katika nyumba yetu mimi ndiye msomaji, na darasani tulikuwa tumefunzwa habari za springi: ukiifupisha, inakuwa ngumu zaidi. Nikapiga hesabu ukurasa mzima. Ilipendeza kweli, ile hesabu. Swaleh alikuwa na akili akaniambia, "Nenda kamuulize Fundi Kioko kwanza."

Fundi Kioko alikuwa mzee wa Kikamba mwenye gereji nyuma ya Mwembe Tayari, aliyeutumia ujana wake wote kwenye karakana ya reli. Hakuna aliyejua chuma kama yeye. Nilikwenda, mwanangu. Nilifika hadi langoni. Nikaona wanaume watano wamechuchumaa kando ya lori, mmoja akageuka akanitazama, na miguu yangu ikanirudisha nyumbani yenyewe. Swaleh aliponiuliza, nikamwambia, "Fundi amesema ni sawa."

Hapo ndipo kosa lilipo. Wengi watakwambia kosa ni msumeno. Kosa lilikuwa lile neno dogo nililolisema ili nisionekane mwoga.

Nikaweka alama ya chaki kwenye kila springi, mzunguko mmoja na nusu, na Swaleh akakata na mashine ya kukatia chuma, cheche zikaruka. Tuliporudisha magurudumu, gari lilikaa chini vizuri kama paka anayenyemelea. Kwetu gari haliingii hadi mlangoni, huachwa mdomoni mwa kichochoro, pale anapokaa muuza kahawa, na wazee wa pale hawana kazi ila kutupima sisi. Mmoja akauliza, "Swaleh, gari lako limechutama, latafuta choo?" Lakini vijana walilizunguka na kulisifu, nami nilivimba kwa fahari nyuma ya buibui langu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Tuta lile ulishalisikia. Tulikuwa tumetoka hospitali, na Bibi hakutaka tena leso. Alisema, "Nirudisheni."

Tulipofika kwa muuza kahawa aliteremka polepole, akajisitiri, akaegemeza bakora yake mlangoni. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka viganja viwili juu ya boneti, akalibonyeza gari kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likaruka. Likashuka, likaruka tena, na tena.

Yakupasa ujue kazi ya Bibi. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Maharusi wengi wa mitaa yetu walilalia godoro lililoshindiliwa na mikono ile, na mpaka leo akiingia nyumba ya watu hubonyeza mto kabla hajaukalia. Alilibonyeza gari vivyo hivyo.

"Godoro likishindiliwa mno lawa jiwe," alisema. "Likilegezwa mno, mtu alala kwenye mbao. Lililo jema ukilibonyeza lashuka, lainuka mara moya, latulia. Hili lenu larukaruka kama mtoto alooneshwa peremende. Ni nani alowapa kipimo?"

Swaleh akajibu, bila kujua, kwamba ni Fundi Kioko.

Bibi hakumtazama Swaleh. Alinitazama mimi, na uso wangu, mwanangu, haujawahi kunifichia siri. Wazee wa kahawa walikuwa wakitutazama, vikombe mkononi.

"Fundi hakosei hivi," alisema taratibu. "Mficha uchi hazai, mwanangu." Niliona haya hadi masikioni, maana mithali ile si ya kutajwa mbele za wanaume. Naye alijua. "Wewe waona haya kuuliza, huoni haya kusema urongo. Haya yako umeiweka pasipo pake. Mimi siingii gari hili tena hadi mkono wangu huu uridhike."

Akashika bakora yake akaenda zake ndani.

Alhamisi iliyofuata hakutoka. Ya pili yake pia. Mguu ukaanza kukaza tena, nikamsikia akishuka ngazi kwa makalio, moja moja, akidhani hakuna mtu. Swaleh alinisamehe siku ileile, ni mtu wa hivyo, lakini mimi sikupata usingizi mzuri. Jumamosi nikajifunga kilemba kwa nguvu, nikaenda Mwembe Tayari kabla sijapata nafasi ya kufikiri, na mara hii sikusimama langoni.

Nikamwamkia. Fundi Kioko akaitikia bila kutoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Nikamwekea mbele ya uso wake kipande kimoja cha springi nilichokuwa nimekibeba kwenye mfuko wa shule.

"Nani alikata hii?" akauliza.

"Ni mimi."

Akatoka chini. Akavua kofia. "Wewe? Na akili ya nani?"

Nikampa karatasi ya hesabu, kwa kuwa sauti ilikuwa imeniishia. Aliisoma yote, ameisogeza mbali na macho kama wazee wafanyavyo. Wale vijana wake walikuwa wameanza kuchekacheka, akawanyamazisha kwa mkono.

"Hesabu ni sawa," alisema. "Hakuna mahali umekosea. Lakini umehesabu springi peke yake, na springi haifanyi kazi peke yake. Huko reli, binti, behewa la abiria na behewa la saruji hayakai juu ya springi moja. Kabla ya kushika chuma unauliza kwanza: ndani amekaa nani?"

Nikamwambia ni Bibi, na nyonga yake, kila Alhamisi. Na ni Swaleh, na kona zake.

"Basi hilo ndilo swali gumu," alisema, na niliona limemfurahisha. "Mtaka cha mvunguni?"

"Sharti ainame."

"Haya, inama."

Nikalala chali juu ya boksi lililochanwa, na hapo ndipo masomo yangu yalipoanzia. Jumamosi nne nilikwenda. Alinionyesha zile shokabzoba, silinda ndefu zenye mafuta ndani, ambazo kazi yake ni kuituliza springi isicheze baada ya kushuka. Zetu zilikuwa zimechoka, zinavuja, nasi tukaziongezea springi ngumu, sawa na kumpa mzee punda mkali ashike kamba. Alinionyesha bushi, ile mipira iliyo kwenye maungio, jinsi ilivyokuwa imepasuka kama visigino vya mtu asiyevaa viatu. Springi zangu alizitundika ukutani, ili nizione kila nikiingia. Mahali pake tukatia nyingine zilizotengenezwa kwa gari lile, fupi kuliko za asili kwa vidole viwili tu. Tukatia chuma kinene zaidi cha kuunganisha gurudumu la kulia na la kushoto, lile gari lisilale kwenye kona hata bila kuwa gumu kama jabali. Na shokabzoba tulizozitia zilikuwa na kifundo kidogo juu. Ukikizungusha chalia tik, na kila tik yaongeza ukali. Mwisho tukapanga magurudumu yaelekee sawa kwa uzi, uliofungwa kutoka nyuma hadi mbele, naye akaniachia nisome uzi mimi. Vijana wale waliacha kucheka. Siku ya tatu mmoja aliniuliza mimi kipimo.

Halafu likaja la mkono wa Bibi, jioni ya Ijumaa, mkesha wa mashindano. Swaleh aliliegesha gari pale pale penye kahawa, nami nikapanda kumwita. Alishuka na bakora, ngazi baada ya ngazi. Akabonyeza mbele, akangoja. Akazunguka nyuma, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Mbele kuna adabu. Nyuma bado kuna kiburi."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikarudisha tik mbili. Akabonyeza tena. Gari likashuka, likainuka mara moja, likatulia. Akauacha mkono juu yake kidogo, kama alivyokuwa akiuacha juu ya godoro la harusi.

"Hapo," alisema. "Andika."

Nikaandika: Bibi, tik nne mbele, tatu nyuma. Bado imo humu, kurasa chache nyuma.

Jumamosi ya mashindano nilizungusha hadi kumi na moja mbele na kumi nyuma, nikapima upepo wa magurudumu mara mbili, kisha nikasimama kando na shajara yangu. Kiwanja kile kina kona ya kushoto ambayo lami yake imefanya mawimbi, na magari mengi yalikuwa yakirukaruka pale, yakitoka nje ya mstari. La Swaleh liliingia, likainama kidogo, likashuka kwenye wimbi, likainuka mara moja, likatulia, likaenda zake. Nililia, mwanangu, na sioni haya kuliandika. Alishika nafasi ya pili katika magari ya aina yake. Aliyemshinda alikuja kulichungulia gari letu chini, akauliza fundi wetu ni nani. Swaleh akanigeukia. Alinitazama tu, akangoja, mbaya yule.

"Ni mimi," nilisema. Na ilisikika.

Kabla ya kuvuka daraja la Nyali kurudi kisiwani, nilimsimamisha, nikateremka, nikarudisha vifundo vyote: nne mbele, tatu nyuma. Nafasi ya pili ni nzuri, lakini Alhamisi ilikuwa yaja.

Na ikaja. Bibi aliingia, akajifunga mkanda, mkono ukaenda juu kwenye kishikio kwa mazoea. Tulikwenda hospitali, akafanyishwa mazoezi yake, akawatukana kidogo wale wauguzi kwa mapenzi, tukatoka. Mimi nyuma nilikuwa nautazama mkono ule. Tulipolikaribia tuta niliinama mbele. Na nikauona mkono umeshateremka kutoka kwenye kishikio. Ulikuwa umelala mapajani, vidole vimefunguka. Bibi amesinzia.

Swaleh alisimama Biashara Street, mbele ya leso zake. Bibi akafumbua macho.

"Mbona mumesimama?"

"Tumefika, Bibi."

"Na lile tuta?"

"Tumelipita."

Bibi aliteremka, akajisitiri, na alipopita mbele ya gari akaligusa boneti kwa kiganja, hakulibonyeza. Siku ile alininunulia leso. Siwezi kuyaandika maneno ya leso ile hapa, yameniteka mno.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami sitairefusha. Kuona haya ni pambo, lakini usilivae langoni kwa fundi. Uliza, hata sauti ikitetemeka, hata wakicheka watano. Ukikosa, sema "ni mimi" upesi, kwa maana mdomo uliozoea kulisema kwa kosa ndio utakaoweza kulisema kwa sifa. Usidharau mkono usiokwenda shule. Mkono ulioshindilia sufi ulijua ambalo kitabu changu hakikunambia. Na chochote utakachokitengeneza, kiwe gari au nyumba au ndoa, uliza kwanza ndani amekaa nani.

Mola akuandikie ndia njema. Na palipo na matuta, maana yatakuwapo, akujaalie moyo unaoshuka, ukainuka mara moja, ukatulia. Amin.