Mume Asiyeamka Kula

Mama mkwe wangu alipanda Mafinga kutoka Rujewa akiwa na mchele, kuku aliyefungwa miguu, na neno moja la kutangaza: mume wake amezaliwa. Kwao ndivyo ilivyo, bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume anakuwa mume tangu siku anayotoka tumboni, atake asitake. Alimfunua mwanangu, ambaye alikuwa hajamaliza hata wiki, akamkagua kama anayekagua ndama mnadani.

"Mume wangu mfupi," akasema. "Lakini nitavumilia."

Ilikuwa Julai, na Julai ya Mafinga ni ukungu asubuhi na baridi kutwa. Chumba chetu kilikuwa na joto kwa sababu baba wa mtoto ni seremala, na kwa furaha ya kupata mwana alikuwa amezifunika kuta zote kwa mbao za paini, kisha akazipaka vanishi. Ukiwasha taa, kila kitu humo ndani kilikuwa na rangi ya asali: shuka, kikombe, chandarua, sisi wenyewe.

Kwa hiyo niliposema, "Baba, naona mtoto ana umanjano," mume wangu alimtazama mtoto, akatazama ukuta, akajibu kwa fahari, "Hiyo vanishi yangu. Humu hata mama ni wa njano."

"Mimi nilizaliwa mweusi na nitazikwa mweusi," mama yake akasema. "Usinipakazie."

Kama una kichanga nyumbani, nikuambie nilichofanya, maana ni rahisi na hakihitaji kusomea. Nilimpeleka dirishani kwenye mwanga wa mchana, nikambonyeza ncha ya pua kwa kidole, nikaachia. Pale nilipobonyeza pakabaki njano. Kwa watoto wetu weusi ngozi inaweza kukudanganya, basi tazama na weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Macho ya mwanangu yalikuwa kama yamechovywa kwenye mchuzi wa binzari. Vanishi ikaachiliwa huru.

Sikuogopa sana, kwa sababu nesi alitueleza kabla hatujaruhusiwa kutoka wodini. Chembe za damu zikizeeka huvunjika na kuacha rangi ya njano, na kazi ya kuiondoa ni ya ini. Sasa, ini la mtoto mchanga ni kama mwanafunzi siku yake ya kwanza karakana: nia anayo, kasi hana. Rangi hiyo hutoka na choo, na choo hakipatikani bila maziwa. Kwa hiyo nyonyesha, nyonyesha tena. Watoto wengi huwa nayo kidogo ikapita. Lakini akilala mno, akikataa ziwa, au njano ikishuka mpaka miguuni, mrudishe haraka.

Mama mkwe alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa shida ni jua tu."

Huko kwao Usangu jua halitafutwi, linakimbiwa. Hapa ilibidi aliwinde. Asubuhi iliyofuata aligundua kwamba jua la mtaa wetu huanzia uani kwa jirani, akabeba kiti na mume wake, akaenda kuketi kando ya rundo la mabanzi bila kupiga hodi.

"Mama, kwenu jua halipo?" jirani akamuuliza.

"Lipo, ila ni vivu. La kwako linaamka mapema, naona linawahi kanisani."

Ukungu ukafunika. Akahama. Jua likachungulia upande wa choo, akahamia huko. Mimi nilikuwa nyuma yake na blanketi, maana alikuwa amemvua mtoto nguo, na mtoto mwenye baridi hanyonyi vizuri. Jirani, kwa wema wake, akaleta kikombe cha maji ya glukosi ampe mtoto. Nikamwambia taratibu kwamba maji hujaza tumbo mahali pa maziwa, na maziwa ndiyo dawa yenyewe. Mama mkwe akakipokea kikombe, akanywa chote, akatangaza kwamba tayari anajisikia njano imempungua.

Mchana nilimweka mtoto kwenye ziwa. Akavuta mara mbili, akalala.

"Mume gani huyu?" bibi yake akasema. "Anapakuliwa, analala na tonge mdomoni. Kesho atanishtaki kwa wazee kwamba simpikii."

Tukacheka. Baadaye ikawa vilevile, akavuta kidogo akalala, na utani ukaongezeka. Alitishia kurudi kwao na kudai talaka. Nilicheka mpaka mshono wa kujifungua ukauma, na huku maziwa yananichuruzika, gauni limelowa, mwenye kuyanywa amelala. Tukatoka naye kibarazani. Mama mkwe akampiga vikofi vya unyayo. "Amka, baba, chakula kinapoa." Hakushtuka. Akampiga tena, safari hii kidole chake kikabaki pale pale, kimebonyeza. Akakiondoa polepole. Unyayo ulikuwa wa njano.

Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu," akaniambia, "mwanamume asiyeamka kula si mvivu, huyo anaumwa. Funga khanga twende."

Mume wangu akakimbilia bajaji. Tulipokuwa tunapanda, ukungu wote ukafunguka, jua likamwagika barabarani, la kwanza la maana wiki ile.

"Mama, jua lako hilo," mume wangu akasema.

"Mwambie dereva aende," akajibu, bila kugeuza shingo.

Hospitali walimtoa damu ya kupima kisiginoni, wakamlaza uchi chini ya taa ya buluu ya kuondoa njano, macho yamefunikwa. Mimi nikawa nakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo. Nesi akatueleza kwamba jua halipimiki, linaweza kumuunguza au kumpotezea muda, na njano ikizidi huweza kuingia ubongoni. Mama mkwe alisikiliza tena mpaka mwisho. Safari hii jua hakulitaja.

Kesho yake mwanangu aliamka analia kwa hasira, akanyonya kwa nguvu mpaka nikauma meno. Nilipoinua kichwa kumwonyesha bibi yake, hakuwepo kwenye kiti. Alikuwa anapita kitanda kwa kitanda, mikono nyuma kama mganga mkuu, akiuliza kila mzazi, "Wako anaamka kula?" Aliyejibu ndiyo alipewa hongera. Aliyesita, nesi aliitwa kwa sauti ya kuvuka mashamba ya mpunga.