Nimekuja Kupumzika

Nilikuwa nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kuitwa jina lako mara tatu na usiitike. Zahanati ya huko chini ziwani, nilikokuwa muuguzi, ilikuwa na joto la kuchemsha ubongo na foleni isiyokwisha. Nikaomba likizo Oktoba, kwa sababu kwetu Umatengoni, milimani, mvua ya kwanza ikigusa tu ardhi, mibuni yote hutoa maua. Sikutaka kingine. Nilitaka nikae kwenye kaubaridi, ninuse maua, na mtu asiniulize dawa.

Mama hana simu. Masikio yake ni mazito na subira yake ni ndogo. Kwa hiyo nilimpigia jirani yetu, mama wa jumuiya, yule anayesoma matangazo kanisani kila Jumapili.

"Shikamoo mama. Mwambie mama nimechoka sana, nakuja nyumbani kupumzika."

"Marahaba. Tumepokea, mwanangu."

Nikaona amenijibu kwa heshima nyingi kidogo, nikakata simu.

Nilipofika, mteremko wote wa Mpepai, kijiji chetu, ulikuwa mweupe. Maua yalikuwa yamebana kwenye matawi hadi majani hayaonekani, na nyuki walivuma kama bibi anayesali rozari peke yake. Jua lilikuwa la kupasha mgongo tu. Mama alinishika mashavu, akanitazama muda mrefu, akanivua mkoba begani. Alikuwa amenitandikia kitanda chake mwenyewe. Jogoo aliyetunzwa kwa ajili ya Krismasi alikuwa tayari chunguni.

Kesho yake nikatandika mkeka katikati ya mibuni, nikajinyoosha. Raha ilioje! Lakini watu wakaanza kuja. Wanaume walivua kofia. Wanawake walileta ndizi na maharage, wakaketi kimya pembeni yangu, nami sikuwa na nguvu hata ya kuwafukuza. Mzee mmoja akaniuliza kama padri ameshakuja.

"Padri wa nini, babu?"

Akakohoa, akayasifia maua.

Mwishowe akaja mama wa jumuiya mwenyewe. Akanishika mkono kama unaoweza kuvunjika. "Mwanangu, maumivu yako wapi hasa?"

"Siumwi, mama."

"Si ulisema unakuja kupumzika?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika matangazo yake neno hilo lina kazi moja tu: ndugu yetu amepumzika, mazishi saa nane. Alimfikishia mama ujumbe wangu kwa Kimatengo, na katika Kimatengo hicho nilikuwa nimeshakufa nusu. Tena watoto walio mbali huja nyumbani Desemba. Anayekuja Oktoba, tena amekonda, huwa amekuja kulala jumla, na mgonjwa wa namna hiyo haulizwi maswali.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama wa jumuiya naye akacheka, uso ameufunika kwa kanga kwa aibu, akaondoka akiahidi kuwatangazia watu upya.

Mama hakucheka. Alinishika mkono akaniongoza hadi chini ya shamba, kwenye kaburi la baba. Kando yake nyasi zilikuwa zimefyekwa upya. Mibuni miwili iliyokuwa imeegemea pale ilikuwa imekatwa, maua yake yamelala chini, bado meupe.

"Hapa palikuwa pangu," alisema. "Imebaki nafasi moja tu hapa. Nikasema basi, alale mwanangu na baba yake. Mimi watanitafutia pengine."

Nikakaa chini, nikalia kwa sauti, nikamwomba msamaha kwa neno langu baya.

"Neno si baya," alisema. "Choka tu, mwanangu, kuchoka si dhambi. Kaa mpaka maua yaanguke. Ila hapa nirudishie."

"Chukua, mama."

Akashusha pumzi, akafurahi waziwazi, kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba lake. Mimi nilishindwa kufurahi naye.