Fundi Saa Aitega Maabara

Mume wangu ni fundi saa, na hamwamini mtu yeyote anayefungua kitu akachungulia ndani. Anajua mwenyewe anavyofanya. Mteja akileta saa iliyoingia vumbi tu, Fundi ataguna, atatikisa kichwa, kisha atasema, "Hii imekufa mashine." Basi siku daktari alipomwambia kipimo cha damu cha tezi dume kimesoma sita, juu kidogo ya kawaida, alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Wananitengenezea ugonjwa hao," akasema. "Leo sita, kesho kisu!"

Nilikuwepo, nilimsikia daktari kwa masikio yangu. Mama wa watu alieleza taratibu: namba ikipanda, haina maana kwamba lazima ni saratani. Huenda tezi imetanuka kwa umri, au ina maambukizi. Damu ipimwe tena baada ya wiki chache, ndipo waamue la kufanya. Sasa kuna ubaya gani hapo? Lakini Fundi alisikia kisu tu.

Pale mezani kwake hakuna saa inayoaminiwa peke yake. Ya mteja huwekwa pembeni ya nyingine anayoijua kuwa nzima, azilinganishe. Ndiyo akili aliyoitumia. Siku ya kurudia kipimo akamtuma mdogo wake akatolewe damu kwa jina lake. Huyo tunamwita Winchi. Wamepishana umri kidogo tu, anapakia mbao kwenye malori, na kidonge hakijui. Fundi akajisemea: hii damu ni nzima, mashine yao ikisoma juu hata hapa, nimewakamata.

Mimi sikuambiwa kitu. Ningejua, wangenitambua!

Daktari alipopiga simu kutoa majibu, tulikuwa mezani watatu, Winchi amekuja kula. Fundi akaweka spika ili sote tusikie.

"Mzee, imesoma kumi na tisa," daktari akasema. "Bado si jibu la mwisho, usiogope. Lakini sipendi kusubiri. Njoo kesho tukupime zaidi."

Moyo ulinilipuka, paa! Fundi yeye akakata simu, akajipiga goti kwa kicheko. "Si nilisema? Matapeli hao! Damu yenyewe ya Winchi!" Ndipo wakanieleza ujanja wao, mmoja akimkatiza mwenzake.

Niliwatazama. Wanaume wazima, na ndevu zao! "Haya," nikasema, "na kama mashine haina kosa?"

"Ebo! Mtu anabeba gogo peke yake, atakuwa na nini?" Fundi akamgeukia mdogo wake ampige bega. Winchi alikuwa ameacha kutafuna.

"Kaka," akasema, "mkojo unanisumbua kitambo. Nilidhani ni uchovu wa kazi."

Mkono wa Fundi ukabaki hewani. Niliichukua simu, nikampigia daktari, nikamweleza upuuzi wote bila kumficha hata neno. Akauliza, "Mwenye damu yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nilimpa Winchi, hakuipokea. Alikuwa anamtazama kaka yake, machozi yanamlengalenga.

"Mimi nilikwenda kwa ajili yako tu," akamwambia.