Medali ya Babu na Gwaride la Njia ya Kibombo

Kila nikikamua limau juu ya samaki, namkumbuka Babu. Kwa limau na majivu ndivyo alivyosugua medali yake, kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Kindu, mpaka ing'ae na vidole vyake vinuke limau kutwa nzima. Mimi nilimshikia kitambaa, na kazi hiyo niliionea fahari kuliko masomo yangu yote.

Medali alipewa kwa ushujaa katika vita vya Wazungu, kule Uhabeshi, akiwa kijana. Tatizo, ndugu zangu, hakujua kusimulia. Mimi nilitaka mabomu na moshi. Yeye alisema tu, "Nilitembea mbele ya adui, wakaniangalia mimi. Wenzangu wakapita nyuma na majeruhi." Hapo hadithi imekwisha, anaomba chai.

Kisha vita vikafika kwetu. Treni ilikoma, chumvi ikaadimika, na wamama wa mtaa wetu wakaogopa kwenda mashambani, njia ya Kibombo, kwa sababu ya watu wenye silaha. Njaa ilipozidi, Babu alivaa koti lake la zamani, akabandika medali, akasema atawasindikiza. Nilimfuata kifua mbele. Nani angemgusa shujaa?

Tulipokuwa tunarudi, wamama wakiwa na vitunga vya mihogo mgongoni na mikanda yake kwenye paji la uso, vijana wenye bunduki walitokea njiani. Nilimtazama Babu. Akawapigia saluti, watoto wale ambao wengine hata ndevu hawakuwa nazo.

"Jambo, mashefu."

"Muzee, iko nini pale kwa kifua?" mmoja akauliza.

"Njo medali, shefu. Nilikuwaka soda," Babu akajibu, yaani askari.

"Soda? Tembea tuone."

Babu akaanza gwaride. Kushoto, kulia, geuka, magoti juu, fimbo begani badala ya bunduki. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamwambia arudie, naye akarudia, kila mara akisogea mbali kidogo nasi, nao wakimfuata. Mama mmoja alinishika mkono, tukapita nyuma yao kimyakimya. Nililia kwa aibu.

Alitufikia baadaye, jasho likimtiririka. Kifuani hamkuwa na kitu, walikuwa wameichukua medali. Hakuitaja. Aliuliza tu, "Wamama wote walipita?"

"Wote, Babu," nilimjibu bila kumtazama.

Nilimnunia siku nyingi. Wamama walimletea sombe, mboga ya majani ya mihogo, kila walipopika, nami sikuelewa kwa nini wanamheshimu hivyo mtu aliyechekwa. Alifariki kabla sijaelewa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi binti yangu huniuliza babu yangu aliipataje ile medali. Namjibu kwamba huko Uhabeshi mimi sikuwepo. Ila namsimulia alivyoipoteza, na akishasikia hiyo, haulizi tena ile nyingine.