Bei ya Mahindi Niliyoiandika Nisiisome

Nakumbuka siku moja ya soko pale Nyakoe, nilipokuwa karani kijana wa takwimu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza bei ya gorogoro ya mahindi, lile kopo la kupimia nafaka, na ya mkungu wa ndizi, na kuziandika katika fomu ya kila mwezi. Mwanangu, sikuruka mwezi hata mmoja, wala sikubuni bei. Wapo waliojaza fomu hizo wakiwa wameketi hotelini wakinywa chai, na hasira yangu juu yao haijaisha, ingawa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lao.

Mwaka huo majirani zangu wa Birongo waling'oa mahindi wakapanda majani chai hadi mlangoni. Nilipowarudishia fomu wakubwa wangu, nikarudi nyumbani kufanya vivyo hivyo. Mke wangu alikuwa shambani.

"Baba Kemunto, si wewe unayeandika bei ya mahindi? Kabla ya mavuno huwa inakuwaje?"

"Hupanda. Kila mwaka."

"Na sisi tutakula nini miezi hiyo?"

"Tutanunua. Kuna bonasi ya chai, ile fedha ya mara moja kwa mwaka."

"Bonasi huja mwezi gani?"

Nilimjibu kikarani: kwamba takwimu zile ni za kupangia nchi, zinakwenda Nairobi, hazihusu jiko lake.

"Basi hamia Nairobi ukale huko," akasema, akaendelea kupalilia mahindi ambayo nilikuwa nimekwisha kuyahukumu.

Niling'oa yote. Miche ya chai haikuwa imefikia kuchumwa bei ya mahindi ilipopanda, katika miezi ileile niliyokuwa nimeiandika kwa mkono wangu. Tulikula kipande cha shamba cha karibu na mto. Maana yake, tulikiuza. Hapo ndipo kijana wetu angejenga. Leo amepanga chumba Nyamarambe na haji nyumbani. Mama yake alifariki akimngoja.

Juzi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Kemunto, alinijia akitaka kung'oa migomba iliyobaki apande parachichi.

"Babu, jirani amejenga nyumba ya mawe kwa parachichi."

"Umetazama bei za mwaka mzima? Zimo katika simu yako, bure."

"Hizo ni mambo ya serikali, Babu."

Nilimtolea nakala za fomu zangu, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Alizipiga picha kwa heshima. Asubuhi ya leo nimesikia panga migombani.

Wewe unayesoma, usinifuate. Kabla ya kung'oa unachokula, tafuta bei yake ya miezi kumi na miwili, si ya ule mwezi mmoja ambao jirani aliuza vizuri. Uliza fedha itaingia lini na chakula kitaisha lini. Bei hizo zilichukuliwa sokoni kwako, kinywani mwa mama yako. Zisome kama barua iliyoandikiwa nyumba yako.

Mungu akujalie kusoma mapema kuliko mimi, na mtoto wako akute mahali pa kujenga.