Tovuti Iliponivua Nguo Ukweni

Ningekuwa na pa kuificha aibu hii ningeificha, lakini Otonglo nzima, huko ukweni, inaijua, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu kabla haijatiwa chumvi zaidi. Mama mkwe wangu aliniona uchi. Kwa tivii.

Mimi ni fundi wa friji hapa Kaloleni, ila kwa miaka mingi nimekuwa nikiweka picha zangu kwenye tovuti fulani, nikizipanga kwa albamu kama mtu anayepanga vyombo kabatini, ndege peke yao, ziwa peke yake, na ile albamu ya mimi na marafiki nimeifunga asiione mtu. Kisha wakubwa wa tovuti (watu ambao nadhani hawajawahi kupiga picha hata ya mbuzi) wakaamua kuipa sura mpya. Wakavunja albamu, wakaficha maelezo tuliyoyaandika kwa jasho, wakamwaga kila kitu kwenye ukuta mmoja usio na mwisho, picha kubwa kubwa zinazojisogeza zenyewe. Anayepita kutazama tu anafurahi, kazi yake ni kukodoa macho. Sisi tulioijaza hiyo tovuti tulipopiga kelele, tukajibiwa kwa ujumbe mtamu kwamba tutazoea. Tutazoea! Yaani mtu akuhamishie jiko barabarani halafu akuambie sasa kuna hewa safi. Ambalo hawakusema ni kwamba kufuli nazo zilivunjika pamoja na albamu, na mimi nikiingia naona picha zangu zote kama kawaida, ningejuaje wageni wanaona zipi?

Basi siku hiyo tulikuwa tumepeleka ayie, zawadi ya mama wa msichana, ambayo akiipokea amekubali umuoe binti yake. Akinyi, mchumba wangu, alikuwa jikoni, mama yake ameketi mbali nami, maana kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana, hata kucheka mbele yake unacheka kwa adabu. Zawadi iko mezani, haijapokewa. Ndipo Omondi, kaka yake Akinyi, akasema, "Shemeji, si wewe hupiga picha? Nipe jina tuone kwa tivii."

Baba mdogo, aliyekuja kunisemea, akaninong'oneza, "Wacha hiyo. Tumalize kazi kwanza."

Mimi na sifa zangu, nikatoa jina.

Wakaja korongo, yakaja magugu ya ziwa, na mama akasema kwa sauti ya kupendezwa, "Hiyo si Port Victoria? Nimenunua samaki sana huko." Nikavimba kichwa. Omondi akasema, "Hii mpya ni tamu, bwana. Watu wanalalamika nini?" Picha iliyofuata ilikuwa ya mimi na marafiki tukioga ziwani hapo hapo Port Victoria, mimi mbele, povu kichwani, mikono juu, na mwilini sina hata uzi.

"Omondi, toa!"

Akabonyeza kuitoa. Sura mpya haitoi, inakuza. Akabonyeza tena, ikakuza tena, na msiniulize ilikuza wapi.

"Inakataa, shemeji! Imekwama kwako!"

Baba mdogo akaruka mbele ya tivii akatandaza koti (ni mfupi, alifunika miguu). Mama alivuta leso usoni akatoka kwa mlango wa nyuma. Akinyi akaja na macho mekundu: "Mama anasema mrudi na hiyo zawadi." Nilitaka kulia.

Tovuti yenyewe, jioni, ikanitumia pongezi: picha yangu inapendwa na wengi! Wajinga wakubwa. Nikafuta kila kitu, miaka yangu yote, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Baba mdogo akarudi Otonglo mara nyingi peke yake, akaomba, akatuliza, mpaka mwishowe akaja na jibu. "Amekubali," akasema, haniangalii. "Ayie amepokea. Ila harusini hataki kamera. Hata simu mtu asiinue."

Nikamwambia sawa, na nikaapa kwamba ukweni sitaonyesha tena picha, hata ya kuku. Akinyi ameshashonewa gauni, na juzi alilijaribu akanigeukia aulize linamkaa vipi. Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe, kutafuta simu. Nikaurudisha, nikamtazama kwa muda mrefu, maana hivyo ndivyo nitakavyomkumbuka.