Mistari ya Wimbi kwa Mama Chelangat

Nakumbuka siku moja ya mkutano wa wakulima karibu na Siongiroi, miaka ya tisini ikianza, nikiwa bwana shamba mpya mwenye digrii na viatu visivyojua matope. Nilihubiri weee kuhusu kupanda wimbi, yaani ulezi, kwa mistari. Wakulima walinipigia makofi, wakarudi nyumbani, wakatawanya mbegu kwa mkono kama kawaida.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii yangu, makofi hayaoti.

Nikamwendea mjane mmoja, Mama Chelangat, nimshawishi. Alinisikiliza akikamua ng'ombe, kisha akasema, "Bwana shamba, wewe ukikosea, mshahara bado unakuja. Mimi nikikosea, hawa watoto watakunywa uji wa nini?"

Chuoni swali hilo halikutoka kwenye mtihani.

"Nitakupa kipande kule chini," akaendelea. "Lakini utapalilia wewe mwenyewe. Hicho ni chakula cha watoto. Kikikufia, usikanyage hapa tena."

Nikapanda kwa kamba iliyovutwa, mistari ikanyooka. Kupalilia wimbi huko ilikuwa kazi ya akina mama, kwa hivyo wanaume waliopeleka ng'ombe mtoni walisimama kujifurahisha.

"Jameni, bwana shamba ameolewa!"

"Na mahari ilikuwa ng'ombe ngapi?"

Mgongo uliuma, malengelenge yakapasuka, nikatamani kuhamishiwa ofisi ya Kericho. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa nimeshakilalia. Sikuondoka.

Sasa, kuna gugu linalofanana na wimbi changa kama pacha. Mama Chelangat, katika wimbi lake la kutawanya, alipiga magoti akichunguza jani kwa jani. Mimi, niliyeshindwa kabisa kuyatofautisha, niling'oa kila kilichoota nje ya mstari. Nikamaliza mapema. Alinyoosha mgongo, akaitazama mistari ile.

Kipande kilizaa vizuri. Msimu uliofuata alinipokea na jembe mkononi. "Tutapanda mistari nusu ya shamba."

"Mbona si yote, mama?"

"Mimi niko na watoto, bwana shamba. Siko na haraka yako."

Mwanangu, usimwombe mtu ahatarishe chakula chake kwa maneno yako kabla hujaweka mgongo wako hapo. Wakikucheka, palilia. Wakikupa nusu, shukuru, ushike jembe. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, majirani wenye kuuliza maswali magumu, na mgongo utakaodumu kuliko wangu.